Kweli Haiogopi Kuchunguzwa

Somo: Matendo ya Mitume 17:10-12

Aliye na Biblia karibu naye na aifungue katika kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa 17, aya ya 10 hadi ya 12.

Katika aya hizo twaona Paulo na Sila wakitoroshwa usiku kutoka Thesalonike, kwa sababu ya fujo zilizotokea huko. Wakafika Beroya, wakaingia katika sinagogi, wakahubiri. Naye Luka awasifu sana watu wa Beroya. Awasifu kwa nini? Si kwa sababu walikubali upesi, wala si kwa sababu walimshangilia mhubiri. Awasifu kwa kuwa walimsikiliza Paulo kwa hamu kubwa, kisha siku kwa siku wakaenda kuyapekua Maandiko wenyewe, wahakikishe kama aliyowaambia ni kweli.

Tena tuangalie jambo hili: Paulo hakukasirika. Hakuwaambia kwamba wanamdharau mtume. Aliwaacha wachunguze. Na aya ya 12 yatuonyesha matunda yake, kwamba wengi katika wao waliamini. Uchunguzi haukuizuia imani yao, uliifungulia mlango.

Ndugu wapendwa, twasema hayo kwa sababu kuna jambo linalotuumiza makanisani mwetu. Kijana amelelewa katika shule ya Jumapili. Amebatizwa, ameimba katika kwaya. Kisha aenda masomoni, na huko asikia kwamba nakala za kale za Biblia hazifanani kwa kila neno. Aambiwa kwamba aya kumi na mbili za mwisho wa Injili ya Marko hazimo katika baadhi ya hati zilizo za kale kabisa. Afadhaika. Arudi nyumbani na swali lake, amwulize baba yake au mzee wa kanisa. Naye mara nyingi ajibiwa nini? Aambiwa, nyamaza, hayo ni maneno ya shetani.

Basi anyamaza. Lakini anyamaza kama mtu aliyefunga mlango kwa ndani. Mwaka mmoja baadaye hatumwoni tena ibadani, nasi twasema kwamba masomo yamemharibu. Je, ni masomo yaliyomharibu, au ni hofu yetu sisi?

Leo twataka kuwasimulia habari za akina mama wawili waliomcha Mungu kwa moyo wote, wala hawakuogopa swali.

Agnes na Margaret Smith walikuwa pacha, waliozaliwa mwaka wa 1843 katika mji wa Irvine huko Scotland. Mama yao alifariki wakiwa wachanga kabisa, wakalelewa na baba yao, mwanasheria na Mpresbiteri mwenye bidii. Baba huyo alipenda wajifunze lugha za watu wengine, na walipojifunza lugha aliwapeleka kuitembelea nchi yake. Alipokufa mwaka wa 1866 aliwaachia mali nyingi. Wangeweza kukaa na kustarehe tu. Lakini wao waliendelea kusoma: Kigiriki, Kiebrania, Kiarabu.

Wote wawili waliolewa wakiwa watu wazima, Margaret na Bwana James Gibson, na Agnes na Bwana Samuel Lewis, mchungaji aliyetunza maktaba ya chuo kimoja huko Cambridge, Uingereza. Ndoa hizo hazikudumu ila miaka michache. Bwana Gibson alifariki mwaka wa 1886, naye Bwana Lewis mwaka wa 1891. Basi wale dada wakabaki wajane wawili, bila watoto, wakikaribia umri wa miaka hamsini. Wako wasikilizaji wetu wanaoijua hali hiyo, jinsi nyumba inavyokuwa kimya, na jinsi mtu anavyojiuliza kama bado Mungu ana kazi naye.

Alikuwa na kazi nao. Bibi Lewis alikuwa amejifunza Kisiria, lugha iliyo jamaa moja na Kiaramu alichokisema Bwana wetu alipokuwa duniani. Wakristo wa nchi za Shamu walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuifasiri Injili kutoka Kigiriki, na tafsiri hiyo ilikuwa ya Kisiria. Tena rafiki yao mmoja, mtaalamu aitwaye Rendel Harris, alikuwa amefika Mlima Sinai mwaka wa 1889. Aliwaambia kwamba katika nyumba ya watawa iliyo huko kuna chumba kidogo chenye giza, na ndani yake masanduku ya vitabu vya Kisiria ambavyo yeye hakupata nafasi ya kuvichunguza. Akawafundisha kutumia kamera, naye akawahimiza waende.

Mapema mwaka wa 1892 wakaenda. Kutoka Suez walisafiri jangwani na ngamia siku nyingi, wakilala hemani, mpaka wakafika kwenye nyumba ya watawa ya Mtakatifu Katherina, iliyojengwa kwa amri ya Kaisari Justinian katika karne ya 6. Watawa wake ni wa kanisa la Orthodoksi la Kigiriki. Kwa kuwa wale dada walijua kusema Kigiriki, walipokewa kama rafiki, na mtunza maktaba, mtawa aitwaye Galaktion, akawaletea vitabu.

Kimoja kilikuwa kichafu mno, na majani yake yameshikamana. Mengine Bibi Lewis aliyabandua kwa mvuke wa birika la chai. Maandishi yaliyoonekana wazi yalikuwa habari za wanawake watakatifu walioteswa kwa ajili ya Kristo. Lakini alipoangalia vizuri aliona maandishi mengine chini yake, yaliyofifia, rangi yake kama chai hafifu. Akajitahidi kuyasoma. Akaona kwamba yale ya chini ni Injili.

Yawezekanaje Injili ifichwe chini ya maandishi mengine? Hebu tueleze. Zamani zile vitabu viliandikwa juu ya ngozi za wanyama, na kitabu kimoja kikubwa kilihitaji ngozi za mifugo wengi. Zilikuwa ghali. Mwandishi aliyekosa ngozi mpya alikitwaa kitabu cha zamani, akaukwangua wino wake, akaandika upya juu yake, kama vile mtoto asiye na daftari jipya afutavyo kurasa za mwaka uliopita ili apate mahali pa kuandika. Wataalamu hukiita kitabu cha namna hiyo palimpsesti. Lakini wino wa kwanza ulikuwa umekwisha kuingia ndani ya ngozi. Haukutoka wote. Ulibaki kama kovu.

Injili ile ya chini iliandikwa yapata mwisho wa karne ya 4 au mwanzo wa karne ya 5. Maana yake, Bibi Lewis alipoifungua ilikuwa na umri wa miaka 1,400 na zaidi. Nayo tafsiri yenyewe, iliyonakiliwa humo, ni ya zamani kuliko hapo.

Wale dada hawakukichukua kitabu kile. Walikipiga picha, ukurasa kwa ukurasa, wakakiacha mahali pake, nacho kiko huko hata leo. Waliporudi Cambridge walizisafisha picha zao wenyewe. Kisha wakamwonyesha kijana mtaalamu, Bwana Burkitt, naye akampelekea mwalimu wake, Profesa Bensly. Mara hao wakatambua kwamba tafsiri hii ni ndugu wa ile iliyokuwa imechapwa mwaka wa 1858 na Bwana Cureton, kutoka kitabu kingine kilichopatikana Misri. Hapo kwanza tafsiri hiyo ya kale ilikuwa na shahidi mmoja tu. Sasa wamekuwa wawili.

Mwaka wa 1893 wakarudi Sinai, safari hii pamoja na Profesa Bensly, Bwana Burkitt na Bwana Harris. Kwa muda wa siku kama arobaini wanaume hao watatu walikaa wakinakili herufi moja moja, kwa zamu, maana kitabu kilikuwa kimoja. Palipofifia mno, Bibi Lewis alipaka dawa yenye harufu mbaya sana, na maandishi ya zamani yakajitokeza. Profesa Bensly alifariki mwezi wa Aprili mwaka ule ule, siku chache tu baada ya kufika nyumbani. Hakukiona kitabu kilipochapwa mwaka wa 1894. Alipanda, wengine wakavuna, kama Bwana alivyofundisha katika Yohana 4:37.

Sasa twafika kwenye jambo tulilokusudia. Walikuta nini katika ngozi zile?

Kwanza, walikuta Injili ile ile. Mtoto mpotevu yumo. Zakayo yumo. Yumo Petro akilia usiku ule jogoo alipowika. Karne nyingi zilikuwa zimepita katika giza la jangwa, nayo habari ilikuwa ile ile isomwayo katika makanisa ya Nyeri, ya Maseno na ya Mombasa. Jambo hili tusilipite mbio, kwa maana laonyesha jinsi Mungu alivyolihifadhi Neno lake kwa mikono ya watu wengi wasiojulikana majina.

Lakini walikuta na mambo mengine. Injili ya Marko katika kitabu kile yaishia mlango wa 16, aya ya 8, pale wanawake wanapoondoka kaburini kwa hofu. Baada yake yaanza Injili ya Luka. Aya ya 9 hadi ya 20 hazimo. Vivyo hivyo hazimo katika hati mbili maarufu za Kigiriki za karne ya 4, ile iliyopatikana Sinai na ile iliyoko Vatikani.

Na kulikuwa na neno lililowashtua watu zaidi. Katika Mathayo 1:16, mahali ambapo Biblia zetu zamtaja Yusufu kuwa mumewe Mariamu aliyemzaa Yesu, ngozi ile yasema kwamba Yusufu, aliyeposwa kwake Mariamu bikira, ndiye aliyemzaa Yesu.

Ndugu, hebu fikirini hali ya Bibi Lewis. Yeye si mpinga Kristo. Ni mwanamke wa maombi, aliyeamini kwa moyo wote kwamba Bwana alizaliwa na bikira. Naye ajua kwamba neno hili likitoka nje, wako watakaolikamata na kupiga kelele. Kitabu kiko mbali jangwani, na wanaoweza kukisoma ni wachache. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema pale pamefifia, hapasomeki. Nani angemkana?

Hakufanya hivyo. Neno lile lilichapwa kama lilivyo, na watu wote wakalisoma. Mara kelele zikaanza kweli. Magazetini wakabishana. Wengine walisema sasa fundisho la kanisa limevunjika. Na wengine, Wakristo kama yeye, waliona uchungu kwamba jambo kama hilo limetangazwa. Bibi Lewis akasimama katikati, akajibu kwa upole na kwa hoja.

Jibu lake lilikuwa nini? Alisema, someni kitabu chote, msisome mstari mmoja. Mstari ule ule wamwita Mariamu bikira. Na ukishuka mpaka aya ya 18 na ya 20, ngozi ile ile yashuhudia kwamba mimba ya Mariamu ilikuwa ya Roho Mtakatifu. Basi neno kuzaa katika orodha ile halisemi habari za mwili. Lasema habari za ukoo na haki ya kurithi.

Nasi twaweza kuyapima hayo kwa Biblia zetu wenyewe. Tazameni Mathayo 1:8. Hapo Yoramu ametajwa kuwa alimzaa Uzia. Lakini ukisoma 1 Mambo ya Nyakati 3:11-12 utaona wafalme watatu kati yao: Ahazia, Yoashi na Amazia. Basi Mathayo hakukusudia kuandika cheti cha hospitali. Aliandika ukoo wa kifalme. Tena katika Luka 2:48 Mariamu mwenyewe, aliyejua kweli kuliko mtu ye yote, alimtaja Yusufu kuwa baba wa mtoto. Katika jamaa nyingi za Kenya twalielewa jambo hili pasipo mwalimu. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya marehemu huitwa mwana wa marehemu, na hapewi jina la nyumba nyingine. Torati nayo ilikuwa na desturi kama hiyo, Kumbukumbu la Torati 25:5-6. Na wataalamu walio wengi, hata leo, hawaoni kwamba maneno ya ngozi ile ndiyo Mathayo aliyoyaandika mwanzoni.

Mwaona, basi? Swali lilikuwa gumu, lakini halikuwa bila jibu. Nalo jibu lilipatikana kwa kusoma zaidi, si kwa kusoma kidogo.

Na aya zile za mwisho wa Marko je? Tumwambie nini kijana wetu? Tumwambie kweli. Katika baadhi ya Biblia utaona mabano mahali pale, au maelezo mafupi chini ya ukurasa. Waliotafsiri hawakuweka alama hizo ili kututia shaka. Waliziweka kwa sababu ni watu waaminifu. Aya zile ni za zamani sana pia. Ireneo, askofu wa karne ya 2, alilijua neno mojawapo katika hizo kuwa la Marko. Lakini si hati zote za kale zilizo nazo, na mwenye kusema hivyo hakumkufuru Mungu.

Je, imani yetu yapotea hapo? La. Ufufuo wa Bwana haukutegemea aya ya 9. Tayari katika aya ya 6, katika hati zile zile zinazoishia mapema, malaika amekwisha kuwaambia wanawake kwamba Yesu hayumo kaburini, amefufuka. Mathayo ashuhudia, Luka ashuhudia, Yohana ashuhudia. Naye Paulo, katika 1 Wakorintho 15, awataja kwa majina na kwa hesabu watu waliomwona Bwana akiwa hai, akisema wengi wao wangali wako, kama kwamba amwambia msomaji wake aende akawaulize. Lakini yule anayetaka kushika nyoka au kunywa sumu mbele ya watu ili aonyeshe imani yake, akishikilia aya ya 18, huyo na atulie kwanza asome maelezo yaliyo chini ya ukurasa wake.

Wapenzi, katika habari hii twapata mambo matatu ya kwenda nayo.

La kwanza, kulipenda Neno la Mungu ni kukubali kusoma lililoandikwa. Mara nyingi sisi twafanya kama yule mwandishi wa zamani mwenye kisu. Twakwangua aya isiyotupendeza, twaandika juu yake tunayoyataka sisi. Mhubiri ataka michango, apata aya ya michango, aacha ile inayomkaripia mchungaji anayejilisha mwenyewe. Mume akumbuka aya ya mke kutii, asahau kwamba yeye aliagizwa kupenda hata kujitoa. Tajiri akariri baraka za Ibrahimu, lakini hataki kumsikia Yakobo akisema juu ya mshahara uliozuiwa. Bibi Lewis alikuta neno lisilompendeza, akalipa haki yake. Yatupasa tujiulize kama sisi twaweza kufanya hivyo.

La pili, kweli yataka kazi. Haukuwa muujiza wa usiku mmoja. Ilikuwa kujifunza lugha ngumu baada ya mazishi ya mume. Ilikuwa jua la jangwani, majani ya kubanduliwa kwa mvuke, macho yaliyochoka. Bibi Lewis alirudi Sinai mwaka wa 1895 na tena baadaye, ili asome mahali ambapo wenzake hawakuweza kusoma, na mwaka wa 1910, akiwa na umri wa miaka 67, alichapa kitabu kilichosahihishwa. Chuo Kikuu cha Cambridge hakikuwapa wanawake digrii mpaka mwaka wa 1948. Yeye alifariki mwaka wa 1926, na dada yake alikuwa ametangulia mwaka wa 1920. Vyuo vikuu vya mahali pengine ndivyo vilivyowaheshimu. Hata hivyo hawakuweka kinyongo na mji ule. Walitoa kiwanja na fedha ili wachungaji wa Kipresbiteri wapate chuo hapo Cambridge, nacho Chuo cha Westminster kikafunguliwa mwaka wa 1899. Akina mama wasikilizaji, msikubali mtu kuwaambia kwamba kusoma Maandiko kwa undani ni kazi ya wanaume, au kwamba umri umepita. Na sisi sote, kama hao walifanya kazi hiyo kwa ajili ya kurasa zilizofifia, tutasema nini sisi wenye Biblia nzima, kwa Kiswahili na kwa lugha za mama zetu, maandishi yake meusi na ya wazi, nasi twaiacha ivae vumbi kabatini toka Jumapili hata Jumapili?

La tatu, tusiwafukuze wenye maswali. Mzee wa kanisa, mzazi, mwalimu wa shule ya Jumapili: kijana akikuletea swali kuhusu Biblia, amekuletea heshima. Angaliweza kumpelekea mtu mwingine. Si lazima uwe na jibu papo hapo. Mwambie, mwanangu, swali lako ni zuri, njoo tulitafute pamoja. Fungueni Biblia mbili au tatu, za tafsiri mbalimbali. Someni maelezo. Mwiteni mchungaji aliyesoma mambo hayo. Someni mlango mzima, kama Bibi Lewis alivyofanya, msiukamate mstari mmoja. Ukifanya hivyo umemfundisha jambo kubwa kuliko jibu lenyewe: umemfundisha kwamba Mungu wetu si mtu wa kufichiwa siri.

Na wewe kijana unayesikiliza, tuna neno kwako pia. Usidhani kwamba umeliona jambo ambalo kanisa halikulijua. Tofauti za nakala zimejulikana tangu zamani, zimehesabiwa, zimechapwa chini ya kurasa ili kila mtu asome, na wengi walioifanya kazi hiyo walikuwa watu wa kupiga magoti. Watu wa Beroya walichunguza. Lakini walianza kwa kulisikiliza neno kwa hamu. Anayechunguza ili apate sababu ya kukimbia atapata sababu. Anayechunguza kwa kuwa ana njaa, huyo atashiba.

Tangu mwaka wa 2011 wataalamu walikwenda tena Sinai kwa ruhusa ya watawa, wakavipiga picha vitabu vya namna ile kwa mianga ya rangi mbalimbali, pamoja na mianga ambayo jicho la mtu haliioni. Herufi nyingi zilizokuwa zimekwanguliwa zikasomeka. Bado kazi haijaisha, wala hatuna haja ya kuiogopa. Kilicho cha kweli hakidhuriki kwa kuangaziwa taa. Na Neno lililokwanguliwa kwa kisu, likafunikwa kwa maandishi mengine, likafungiwa katika chumba chenye giza kwa karne nyingi, halafu likasomwa tena, hilo halitaangushwa na swali la mtoto wetu.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, twakushukuru kwa ajili ya Neno lako, na kwa ajili ya wote waliolinakili, waliolitafsiri na waliolichunguza, wengine wao wasijulikane na mtu ila wewe. Utusamehe tulipolisoma nusu nusu kwa faida yetu. Utusamehe tulipowanyamazisha watoto wako kwa hofu, tukaiita hofu hiyo imani. Uwarudishe waliotoka nyumbani mwako na swali lisilojibiwa, nasi utupe uvumilivu wa kukaa nao na kulitafuta jibu pamoja. Uwakumbuke wajane, uwaonyeshe kazi uliyowawekea. Utupe moyo wa watu wa Beroya, wa kusikia kwa hamu na kupima kwa uaminifu. Twaomba hayo katika jina la Yesu Kristo, aliye Kweli yenyewe. Amin.